Hela ya Mjerumani Usiisugue: Majibu ya Barua za Mwezi Huu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba hili neno letu hela limetokana na heller, senti ya shaba ya Mjerumani, basi ndo nikawa nimejichongea. Barua zimekuja, meseji zimekuja, na kuna kijana kanifata mpaka kijiweni Ligula kashika mfuko wa nailoni, sarafu zinagongana humo ndani kama njugu kwenye debe (nikamwambia kwanza zitoe humo, mambo mengine baadae). Kwahiyo mwezi huu ni shaba tupu. Wenye maswali ya salfa ya mikorosho mnivumilie.

SWALI: Shikamoo babu. Bibi yetu alifariki mwaka jana hapa Mikindani, kwenye sanduku lake tukakuta mkebe wa biskuti una sarafu kumi na moja za shaba. Kumi ni ndogo, zina taji, zimeandikwa 1 Heller, miaka tofauti tofauti kati ya 1904 na 1913. Moja ni kubwa nzito, 5 Heller ya 1909. Mdogo wangu kachukua tatu kati ya zile ndogo akaziloweka kwenye ukwaju usiku kucha, asubuhi akasugua na majivu, zimetoka zinang'aa kama pete ya bi harusi. Zilizobaki ni nyeusi nyeusi. Je nazo tuzisafishe? Na hayo madaraja ya sarafu wanayosema watu, kwamba hii nzuri hii mbovu, yanapimwaje? – Mjukuu wa marehemu, Mikindani

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na poleni kwa msiba. Ukwaju rudisheni jikoni ukafanye kazi ya mchuzi. Hizo nane zilizobaki asiziguse mtu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na 5 Heller kama hiyo yenu, nilikuwa kijana, nikaipiga brasso mchana mzima mpaka nikajiona kwenye taji, nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa ananunua vitu vya zamani. Aliishika kwa sekunde mbili, akanirudishia hata mezani hakuiweka. Akaniambia, "umeichuna." Neno hilo sijalisahau. Maana shaba ikikaa miaka inajivika ngozi nyembamba, kahawia, mara nyingine kama chokoleti, mara nyingine karibu na nyeusi, na hiyo ngozi ndo inayoilinda isiendelee kuliwa. Ndimu, ukwaju, siki, brasso, dawa ya meno, vyote vinatoa ngozi pamoja na shaba ya juu juu, unabaki na kitu cha rangi ya pinki isiyokuwa na uhai, halafu baada ya miezi kikianza tena kuwa cheusi kinakuwa na madoa madoa kama embe lililoiva vibaya.

Sasa daraja. Watu wengi wanadhani daraja ni mng'ao, hapana, daraja ni hesabu ya shaba iliyotoka. Sarafu ikitoka kiwandani michoro yake imesimama, ikaanza kupita mkononi, mfukoni, kwenye pindo la kanga, juu ya meza ya duka, kila mguso unachukua kidogo kidogo pale palipoinuka zaidi. Ndo maana sarafu nyeusi tii inaweza kuwa na daraja la juu na inayong'aa ikawa ya chini kabisa, na hizo tatu za mdogo wako nina wasiwasi zimeingia kundi hilo.

Fanya hivi. Kaa dirishani asubuhi au washa taa moja tu, mwanga uje kwa ubavuni usije kwa juu, ishike sarafu kwa ukingo na usiikamate usoni maana jasho la vidole lina chumvi, halafu iinamishe polepole huku na huku. Anza na pale palipo juu. Kwenye heller upande wa taji angalia msalaba mdogo wa kileleni na zile tao za taji zenye shanga shanga, upande wa namba angalia majani ya shada na fundo la utepe wake. Hapo ndo mkono unapoanza kula, kwingine kote kunafuata.

Kama taji limebaki kivuli tu, unajua ni taji kwa sababu umeambiwa, mwaka unausoma kwa kubahatisha na ukingo umeshaanza kumeza herufi, hiyo ni ya chini, wakusanyaji wanaiandika G, kifupi cha Kiingereza Good. Ikiwa maneno yote yanasomeka bila shida, taji lina umbo lake ila shanga zimeyeyukiana zimekuwa mstari mmoja, na majani ya shada yana mzunguko wa nje bila mishipa ndani, hiyo ni F (Fine), na kwa kweli heller nyingi zinazotoka kwenye masanduku ya mabibi zetu ni hapo hapo F au chini yake kidogo. Ukiona shanga karibu nusu zinahesabika na majani mengi yana mishipa yake, umefika VF (Very Fine). XF (Extremely Fine) ni ile ambayo inabidi uitafute hasa sehemu iliyosuguka, unakuta kamsalaba kamelainika kidogo na fundo la utepe basi. Juu ya hapo ni zile zisizotumika, ambazo ukiinamisha kwenye mwanga unaona mng'ao unazunguka usoni kama feleji ya baiskeli inavyozunguka juani. Mng'ao huo brasso hauleti. Brasso inaleta mng'ao uliosimama pale pale, hauzunguki, na ukiweka lenzi unaona mikwaruzo membamba imeelekea upande mmoja na uchafu mweusi umebaki kujificha pembezoni mwa herufi wakati uwanja, ile sehemu tupu isiyo na mchoro, ni mweupe pe. Mnunuzi mzoefu anaona hiyo kabla hujamaliza kumsalimia.

Kila upande upime peke yake. Kuna sarafu taji ni VF na namba ni F, na hapo hesabu inaenda na upande mbovu, usijidanganye.

Shaba ina kipimo kingine ambacho fedha na dhahabu hazina, nacho ni rangi. Ile iliyobaki na wekundu wake wa kiwandani inatafutwa sana, inayofuata ni yenye wekundu na ukahawia mchanganyiko, halafu kahawia yote. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani usitegemee nyekundu, kahawia iliyotulia isiyo na madoa ni kitu kizuri kabisa na mimi binafsi naipenda kuliko hizo nyekundu.

Halafu kuna wanaotumia namba, kuanzia 1 mpaka 70, ukitafuta bei mtandaoni utaziona. Hiyo skeli aliianzisha Mmarekani anaitwa William Sheldon mwaka 1949, na aliitengeneza kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao za zamani, yaani ilizaliwa kwenye shaba ndo baadae ikahamia kwenye fedha na dhahabu. Kwa mkebe wako huna haja nayo, namba za katikati katikati hata wataalamu wanabishana.

Kuhusu hiyo kubwa. 5 Heller ya shaba ilipigwa 1908 na 1909 tu, ina upana wa milimita 37 na uzito wa gramu 20, ni sahani hiyo, na 1913 ndo wakaleta 5 Heller ndogo nyeupe yenye tundu. Kwa ukubwa wake ilikuwa ikidondoka inaumia, kwahiyo zungusha ukingo wote uangalie mabonde ya kugonga, hayo yanashusha bei hata kama taji limesimama vizuri. Kati ya kumi na moja zenu hiyo ndo ya kuifunga kwenye karatasi yake peke yake. Zile heller moja moja zilipigwa nyingi sana na F yake nje huko inaenda kwa dola chache, msije mkagombana ndugu kwa ajili yake. Ila kabla hujauza yoyote angalia herufi ndogo A au J, A ni kiwanda cha Berlin na J ni Hamburg, maana mwaka mmoja unaweza ukawa wa kawaida kwa herufi moja na adimu kwa nyingine.

Zile tatu za ukwaju msizipake kitu cha kuzirudisha weusi, tafadhali. Ziacheni kwenye bahasha yao na ukiuza sema zilisuguliwa. Mdogo wako msimchape.

SWALI: Mzee nisaidie haraka hii ni siri kidogo. Nina sarafu ya shaba ina mizani upande mmoja na Kiarabu upande mwingine, mwalimu wa madrasa kanisomea mwaka ni 1299. Yaani ina zaidi ya miaka mia saba, kabla hata ya Mreno! Imechakaa kidogo tu. Ni daraja gani na nimuone nani serikalini? – Kilwa Kivinje

JIBU: Mwalimu kakusomea sawasawa kabisa, tatizo hukumuuliza ni mwaka wa nani. Huo ni 1299 wa Hijria, kwa kalenda ya ofisini ni 1881 kuingia 1882, na sarafu ni pesa ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliyetawala 1870 mpaka 1888. Ipo na ya 1304, nayo ni yake. Zililetwa kwa wingi mno na zilizagaa pwani yote hii mpaka bara, kwahiyo siri yako hata jirani anayo.

Lakini usikate tamaa, maana nyingi zimekwisha na yako unasema imechakaa kidogo. Itazame mizani: vile visahani na kamba zake ndo vinaanza kufutika. Kamba zikiwa zinaonekana moja moja una VF au zaidi. Zikiwa zimeungana na visahani vimekuwa vidoa, ni F kushuka. Upande wa Kiarabu angalia vichwa vya alifu na lamu, vikiwa bado vina kona kali ni dalili nzuri. Usichanganye na nyingine yenye mizani iliyoandikwa Mombasa, hiyo ni ya kampuni ya Waingereza ya 1888, kwenye Hijria imeandikwa 1306.

Na ukikuta 1307, 1308 au 1309 yenye tai upande wa pili, hiyo ni pesa ya kampuni ya Wajerumani, 1890 mpaka 1892. Hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, kama Wahindi walivyokuwa wanahesabu ana 16 na kila ana pesa nne, mpaka 1904 Mjerumani alipobadilisha ikawa rupia moja heller mia. Kwenye hiyo ya tai, kifua cha ndege ndo kipimo. Manyoya ya kifua yakionekana piga simu uniite nije nione, maana nimeona nyingi na nyingi kifua chake ni kipara.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nafundisha sekondari hapa Lindi mjini. Nilinunua quarter anna (robo ana, sarafu za shaba za India) kumi na tano, kuna za 1835 za ile Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki na za Malkia Victoria, nikaziweka vizuri kwenye albamu ya plastiki laini ile yenye vimifuko. Baada ya mvua mbili zimeanza kutoa unga wa kijani, nikifuta unarudi. Nyingine zina kijani ambacho hakitoki hata kwa kucha. Je hii inashusha daraja? Na niifanyeje?

JIBU: Mwalimu, una mambo matatu hapo na umeyaweka kwenye mfuko mmoja.

Kijani kigumu, laini ukipitisha kidole, ambacho hakitoki kwa kucha, kiache. Hiyo ni ngozi tu kama ile kahawia, imetulia, haidhuru, kuna watu wanaipenda.

Kijani cha unga ni habari nyingine. Kile cheupe cheupe, kama chokaa iliyochanganywa na jani, kinachorudi ukifuta, hiyo ni chumvi ya bahari imeingia ndani ya shaba na kila hewa ikiwa na unyevu inaanza tena kula, inachimba vishimo. Wenyewe wanaita ugonjwa wa shaba. Na wewe uko Lindi, nyumba inatazama ghuba, kusi ikivuma chumvi unailamba mdomoni, sasa sarafu nayo inafanyaje. Zitenge hizo leo leo. Chukua yale maji yasiyo na chumvi wanayouza ya kujazia betri (MAJI, sio tindikali, soma chupa mara mbili, nakuomba), ziloweke kwenye bakuli la kioo, badilisha maji kila siku au kila baada ya siku mbili, wiki kadhaa mpaka uone unga haurudi. Ule unga uliokauka toa kwa kijiti cha kuchokolea meno, chini ya lenzi, kidogo kidogo, usitumie sindano wala waya wa kusugulia masufuria. Ukimaliza zikauke hasa, siku nzima, kwenye kitambaa.

Cha tatu ni albamu yako. Hiyo plastiki laini inayonuka nuka kama pazia jipya la bafuni inatoa kemikali, inaacha utelezi wa kijani juu ya shaba. Ndo maana yule kijana wa Ligula nilimwambia azitoe kwenye mfuko wake, ingawa yeye zaidi nilikuwa naogopa zile kugongana. Utelezi huo unatoka kwa asetoni safi, unachovya na kutoa bila kusugua, dirisha wazi, jiko limezimwa. Dawa ya kutolea rangi ya kucha usitumie, ina mafuta na manukato. Halafu tumia bahasha ndogo za karatasi, weka kwenye kopo la chuma lenye kifuniko pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitupe vipakti hivyo tena maisha yako.

Daraja sasa. Hapa ndo watu wanachanganya uchakavu na kuliwa. Uchakavu wa mkono unalainisha pale palipo juu tu, bondeni panabaki pazima. Kuliwa na chumvi hakuchagui, unaona vishimo mpaka kwenye uwanja mtupu ambapo kidole hakifiki sana. Kwahiyo Victoria wako anaweza kuwa na nywele zote na taji limesimama, VF kabisa kwa michoro, ila uso una ndui. Unaandika hivyo hivyo vyote viwili, michoro ni VF, uso umeliwa, na mnunuzi anakata bei mwenyewe. Ukishaponya ugonjwa daraja halipandi, umezuia lisishuke. Na mimi kwa uzoefu wa huku kwetu nasema chumvi imeua shaba nyingi kuliko mikono yote ya sokoni.

SWALI: Mzee wangu, nipo Newala. Babu mzaa baba alikuwa karia (mpagazi wa jeshi) vita ile ya kwanza, kaacha sarafu ya 20 Heller ya 1916 yenye herufi T. Alikuwa kaifunga kwenye kitambaa na haikuwahi kutumika sisi tunavyojua. Jamaa wa Dar kaja msimu wa korosho kaiangalia kasema "hii choka mbaya, taji lote limekwisha" akatoa bei ya soda. Mbona babu hakuitumia lakini taji limekwisha?

JIBU: Barua hii niliisoma mara mbili, mke wangu akauliza kuna nini.

T ni Tabora. Vita ilipokolea meli za Waingereza zilifunga bahari, hela haziingii tena kutoka Ujerumani, wakaanza kujipigia wenyewe Tabora mwaka 1916, 5 Heller na 20 Heller, kwa chuma chochote walichokipata, nyingine za njano nyingine za shaba nyekundu. Vifaa vya kubahatisha, haraka haraka, mihuri (vile vyuma vya kugongea michoro) ikichoka wanaendelea nayo tu. Na Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha. Yaani hizo sarafu hazikuwa na maisha marefu ya sokoni kabisa.

Sasa taji linaweza kuwa bapa kwa sababu mbili, limesuguliwa au halikupigwa likasimama tangu siku ya kwanza. Huyo jamaa wa Dar kachukulia ya kwanza bila kuuliza, au kauliza moyoni akanyamaza, sijui. Wewe jipimie. Pale palipo bapa pawekee lenzi: pakiwa laini, panateleza, na rangi yake imetofautiana kidogo na pengine, pamesuguliwa. Pakiwa na ukwaruukwaru ule ule wa shaba ghafi kama kwenye uwanja, rangi moja, basi hapakupigwa vizuri. Geuza upande wa pili mahali pale pale nyuma ya taji, mara nyingi utakuta napo namba au shada limefifia, kwa sababu nguvu ya pigo haikufika hapo pande zote mbili, na mkono wa mtu hausugui kwa mpangilio huo. Mwisho angalia herufi na ukingo. Sarafu iliyochoka kweli imechoka mpaka ukingoni, sasa kama herufi na ukingo vina kona kali za kukata halafu taji bapa, hiyo haijachoka, ilizaliwa hivyo.

Pigo dhaifu nalo linapunguza bei, sitakudanganya, lakini sio bei ya soda. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa ubavuni, uwe nazo kwenye simu, na akirudi msimu ujao mwonyeshe picha kwanza, sarafu ibaki kwenye kitambaa cha babu.

SWALI: Sisi ni wavuvi Kilwa Kisiwani na huwa tunakwenda mpaka Songo Mnara. Maji yakitoka tunaokota visarafu vidogo vya shaba, havina umbo zuri, vina maandishi ya Kiarabu yamefutika. Kuna mtu anatuambia akinunua kwa wingi anatoa bei nzuri ila tuchimbe zaidi. Vina thamani? Daraja lake tunalijuaje?

JIBU: Ndugu zangu, hivyo vimepigwa hapo hapo mlipo. Masultani wa Kilwa walikuwa na shaba yao wenyewe mamia ya miaka kabla ya Mjerumani kujua Kilwa iko wapi, jina la sultani upande mmoja na upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu yenye vina na jina lake, yaani sarafu ina shairi. Mwaka hawakuandika. Ibn Battuta alipopita Kilwa 1331 alimkuta al-Hasan bin Sulaiman kwenye kiti, naye zipo shaba zake. Na mwaka 1944 askari mmoja kaokota tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, mpaka leo watu wanaumiza vichwa zilifikaje.

Daraja la kwao halifuati mambo ya taji niliyoyasema juu. Zilikatwa kwa mkono, hazina duara kamili, na muhuri mara nyingi ulikaa pembeni, kwahiyo swali ni moja tu, jina linasomeka? Herufi tatu nne zinazotosha kumjua sultani zinazidi sura nzuri isiyosomeka. Elekeza mwanga wa ubavuni, piga picha, usisugue kwa mchanga wa pwani kama nilivyowahi kuona mtu anafanya, niliumwa na tumbo.

Ila hapa sheria iko na mguu wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu cha kabla ya 1863 kuwa cha kale, na huwezi kufukua bila leseni wala kutoa nje ya nchi bila kibali. Hizo heller na pesa za Barghash ziko upande wa huku wa huo mwaka, visarafu vyenu viko upande wa kule, tena kwenye magofu ambayo UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia 1981. Kwahiyo huyo bwana wa "chimbeni zaidi" mwambieni mmeisikia sheria. Mlivyonavyo vipelekeni kwa watu wa mambo ya kale hapo hapo Kilwa, na andikeni mliokota wapi, karibu na ukuta gani, maji yalikuwa yametoka kiasi gani. Kisarafu kikishahamishwa bila maelezo hayo kimepoteza nusu ya habari yake, na mtu wa kuchimba kwa jembe usiku hapotezi nusu tu.

SWALI: Mambo vipi mzee. Niko Masasi nina senti kumi ya tundu ya 1936 ina jina la yule mfalme aliyejiuzulu, Edward wa nane. Mtandaoni nimeona wanasema ni mamilioni. Jamaa kanipigia anasema kwanza tutume laki mbili ya kupima kama inavuta mchele, eti ikivuta mchele ndo yenyewe.

JIBU: Mchele uvutwe na njaa. Hakuna sarafu ya shaba inayovuta mchele wala inayovuta chochote, hata sumaku haiigusi, na ukiona sumaku imeshika sarafu unayoambiwa ni ya shaba basi ndani ni chuma, umeuziwa feki. Laki mbili yako usitume.

Uingereza kwenyewe sarafu za Edward wa nane hazikuingia mtaani ndo maana stori inakuzwa, lakini Afrika Mashariki senti tano na kumi zake zilitoka kwa wingi na zikatumika. Angalia ncha za pembe za ndovu pale kwenye tundu, zikiwa kali una kitu kizuri cha kuweka, zikiwa zimefutika una kumbukumbu. Na hakikisha tundu ni la kiwandani, lina mdomo laini uliozungushwa. Kuna zile zisizokuwa na tundu ambazo wazee walitoboa kwa msumari wakavalisha watoto shingoni, hizo hata ziwe XF zinahesabika zimeharibiwa, ingawa mimi ninayo moja iliyotobolewa hivyo na siiuzi.

SWALI: Lenzi napata wapi Mtwara?

JIBU: Mafundi saa wanaovaa kile cha jichoni, ukimwomba kwa adabu na hela ya chai anakuazima kwa dakika kumi palepale kibandani. Kaa upande wenye jua.